Maua Yale Hayakukaushwa na Mwanamke Yeyote

Mume wangu wa zamani,

Barua kama hii huanza kwa neno mpendwa. Nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena, mwisho nikaona niliache. Ulikuwa mpendwa wangu kweli, sikatai, na huko mbele nitakukumbusha. Lakini leo nina hasira, na mtu mwenye hasira akianza kwa maneno ya harusini anajidanganya mwenyewe na anamdanganya anayeandikiwa.

Jumamosi mchana nilikuwa nafua uani hapa kwangu Mugumu. Geti likagongwa. Akaingia binti mwembamba, kilemba kimejaa vumbi la barabara, amepakata ndoo ya rangi kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Ndani ya ndoo kulikuwa na ua. Nililitambua ua kabla sijamtambua binti. Ni lile la majani mapana yenye madoa meupe, uliloniletea kutoka ng'ambo ya mpaka, Isebania, siku ile ulipopandishwa cheo kwenye kampuni ya kutoa mizigo pale Sirari. Majani ya chini yamekuwa njano, mengine yamelala ukingoni mwa ndoo. Ya juu yameungua pembeni, kahawia, makavu, ukiyagusa yanavunjika.

"Shikamoo dada," akasema. "Nimekuletea ua lako. Limekataa kupona."

Nikamwuliza yeye ni nani. Akasema ni mke wako.

Hapa nitamwita Ghati. Si jina lake, na kwenu hakuna ukoo usio na Ghati, kwa hiyo halitamfichua mtu. Jina lako silitaji kabisa. Wanaokujua watakujua, na wewe ulishajijua tangu kwenye ile ndoo ya rangi. Na kabla hujauliza kwa nini mambo ya nyumbani nayaandika hadharani, kumbuka kwamba simu zangu hupokei, na kumbuka kwamba mimi nilihukumiwa hadharani. Nilikalishwa kwenye kigoda mbele ya ukoo mzima, majirani wamesimama kwenye uzio wanasikiliza bure. Kilichosemwa mbele ya watu kinajibiwa mbele ya watu.

Nilimpa maji ya kunywa. Akanywa yote, akashusha pumzi, halafu akaniambia alichotumwa na moyo wake, si na nyinyi. Kwamba mama yako na shangazi yako wameliona ua linageuka rangi. Kwamba shangazi amesema hii ni mara ya pili, nyumba ile ile, dalili ile ile, mwanamke mwingine. Kwamba likifia mikononi mwake, na mwezi huu nao ukipita bila habari ya mimba, atarudishwa kwao. Kwa hiyo akaona alipeleke kwa mwenyewe, labda mwenyewe analijua. Akapanda gari Tarime, akalipakata njia nzima. Gari likasimama njia panda ya kwenda kwao Genkuru, konda akamwita mara mbili, dada unashuka? Hakushuka.

Unajua kwa nini hakushuka. Ng'ombe wa mahari uliowapeleka kwao hawako tena kwenye boma la baba yake. Kaka yake ameoa kwa ng'ombe wale wale. Ghati akirudishwa, wale ng'ombe wanatakiwa, na ili wapatikane lazima mke wa kaka yake naye arudishwe kwao, na yule tayari ananyonyesha. Nyumba mbili zitavunjika kwa sababu ya ua kwenye ndoo ya rangi. Na wewe unayajua haya yote, ulikulia ndani yake, mimi wa kuja ndiye niliyefundishwa na wewe. Halafu unakaa kwenye kiti chako huko nyumbani Turwa unasubiri mwezi upite.

Ngoja nikukumbushe ulivyokuwa.

Ulikuwa unatoka Sirari jioni na pikipiki, nyuma umefunga kitu kwa mpira wa tyubu. Wanawake wenzangu wa nyumba za kupanga waliletewa mkate na nyama. Mimi uliniletea maua, tena mengine yamepigwa na upepo njia nzima mpaka yamebaki vijiti. Nilikuwa nesi mgeni, nimetoka Lushoto, baridi ya kwetu bado iko mifupani, na Tarime yote kwangu ilikuwa vumbi na watu wanaoongea kama wanagombana. Ulinisikia siku moja tu nikisema kwamba kwetu barazani kwa mama hakukosi maua. Ukakata makopo ya rangi, ukayapanga barazani, na Jumapili mimi nikirudi kanisani nakukuta umeshika kitambaa chenye maji, unafuta vumbi la malori kwenye majani, jani moja moja, ulimi umeutoa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikupenda sana siku zile. Hilo nalisema bila aibu, na mwanaume niliye naye sasa analijua.

Nilikufundisha. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na tope acha. Ulicheka ukasema, "Maua yenu wa Tanga yana masharti kuliko ng'ombe." Lakini ulijifunza, tena upesi, kwa sababu ulikuwa unajua kutazama. Nilikuona nyumbani kwenu ng'ombe alipogoma kula. Hukumlaumu. Ulimshika masikio kuona kama yana joto, ukamfungua mdomo, ukatazama pua, ukainua mkia, ukachokoa mavi kwa kijiti, ukauliza jana alichungwa wapi na alikunywa maji gani. Uliuliza maswali kumi kabla hujasema ugonjwa. Nikajisemea moyoni, huyu angekuwa daktari.

Sasa niambie, yule mtu wa maswali kumi alikwenda wapi?

Maana majani nayo yanasema, ukiyauliza. Nilikuambia tukiwa pale barazani, na nakuambia tena, safari hii na Ghati anasikia jikoni. Jani moja la chini likiwa njano na mengine yote mazima, huo ni uzee tu, lichume utupe, hakuna mkutano wa ukoo unaohitajika. Majani mengi ya chini yakiwa njano, laini, na udongo umeloa siku zote, ua limezama, mizizi haipati hewa. Majani yakiwa na ncha na kingo za kahawia, kavu, ama limekauka kiu, ama limelishwa mbolea kali kupita kiasi. Madoa ya kahawia upande mmoja tu, unaotazama jua la mchana, hiyo ni kuungua. Ukiona njano ya vidoa vidoa na chini ya jani kuna utando mwembamba, kuna wadudu. Na ukishaona yote hayo, bado hujui kitu, mpaka upindue kopo utazame mizizi. Jani linakuonyesha kwamba kuna shida. Shida yenyewe mara nyingi iko chini.

Wewe hukupindua kopo hata moja.

Mama yako alikuja kukaa na sisi mwaka wa tatu wa ndoa. Simsemi vibaya mama yako. Alikuja na gunia la salfeti limefungwa kwenye bodaboda, nzi wanalifuata tangu kijijini, mzigo mbichi kabisa, umetoka bomani alfajiri. Samadi. Aliishusha barazani kwa furaha kama mtu aliyeleta mbuzi. "Mkamwana," aliniambia, "vitu vyako hivi vina njaa. Kwetu hata mahindi yakigoma tunayapa hii." Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshajaza kila kopo mpaka juu, kwa mikono yake mitupu, anaimba. Ningemwambia nini? Kwa mtu aliyekulia na ng'ombe, mavi ya ng'ombe ni baraka, yanajenga ukuta, yanasakafia nyumba, yanakoka moto. Shambani mvua huja ikayasuuza. Kwenye kopo la rangi yanapika mizizi. Nilimshukuru, na jioni nikaanza kuyapunguza kwa kijiko. Akaniona. Akasema kumbe mimi nadharau mavi ya kwao, na wewe ukaniambia niyaache, nisimvunje moyo mama. Nikayaacha.

Wiki chache baadaye kingo zikaanza kuwa kahawia. Mama akaona ni kiu, akamwagilia asubuhi. Mimi nikitoka zamu nakuta udongo tope, nanyamaza. Wewe ukirudi jioni unaona majani yamenyauka, na wewe unamwagilia. Makopo yenyewe wewe ndiye uliyeyakata, na hukuyatoboa chini, ulisema yakitobolewa baraza litachafuka. Kwa hiyo yalikuwa na mbolea mbichi juu, maji yaliyotuama chini, na watu wawili wanaoyapenda wanazidisha maji. Yakafa kwa kupendwa vibaya, likabaki hai moja tu, lile la Isebania. Ndivyo yanavyokufa maua mengi ya barazani.

Nilikueleza. Nilikuita, nikang'oa moja mbele yako, nikataka ushike mizizi. Ulikuwa na simu sikioni, lori limekwama mpakani, ukasema utaangalia baadaye.

Halafu akaja shangazi yako. Hata maji hakuwa amekunywa. Alisimama barazani, akatazama makopo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akanitazama mimi, tumboni, si usoni, akasema ile sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka mkono unatafuta kitu cha kurusha: "Nyumba ambayo hata jani halikai, mtoto atakaa wapi?"

Mama yako akainama. Wewe ulikuwa mlangoni, umeshika kikombe cha chai, ukanywa.

Ungeweza kusema, shangazi, kopo halina tundu. Maneno manne tu. Ulikuwa unayajua, nilikwisha kukuambia. Ungeweza hata kusema, shangazi, keti kwanza. Ulikunywa chai. Kuanzia siku ile kila jani lililoanguka barazani pale lilikuwa langu. Wageni wakija wanatazama makopo kwanza halafu wananitazama mimi. Na mimi, kwa hasira, nilikataa kuyatupa.

Hospitali nilikwenda peke yangu. Nesi, kwenye chumba ninachokaa upande wa pili wa meza siku zote, nikakaa upande wa wagonjwa. Nilipimwa kila kinachopimwa. Daktari akasema sioni tatizo kwako, sista, sasa mlete mzee. Nilikuja nikakuambia kwa upole, nimepika, nimekuwekea maji ya kuoga, nimechagua maneno njia nzima. Ukacheka. Ukasema, "Mwanaume anapimwa vitani, hapimwi kwenye kikopo." Sentensi nzuri. Uliwaambia na marafiki zako Sirari, mkacheka wote, ilinifikia. Nilikuomba tena baada ya mfungo wa Pasaka. Nilikuomba tena nikilia. Mara ya mwisho ulinijibu kwamba mimi nesi nataka kukuaibisha kwa wenzangu wa maabara.

Miezi haikupita mingi nikakalishwa kwenye kile kigoda.

Sitaurudia mkutano ule. Waliokuwepo wanaukumbuka. Nitarudia kitu kimoja tu, nilichotaka kukisema siku ile na nikanyimwa nafasi, kwa kuwa mwanamke wa kuja hawezi kuwazungumzia wazee ng'ombe wao.

Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za dume la baba yako. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe pale nyuma ya boma, marehemu mzee bado yuko hai, anatusikia na anatabasamu. Lilikuwa dume zuri, nundu imesimama, pembe kila mtu anazisifu mpaka vijiji vya jirani. Lakini ng'ombe wanapandwa, hawashiki mimba. Huyu hakushika, na yule hakushika. Mzee hakumpiga ng'ombe hata mmoja. Hakuita mkutano. Hakusema boma lina mkosi. Alilitazama dume lake siku nzima akiwa ameegemea fimbo, kesho yake akalipeleka mnadani, na watu walipomshangaa kwa kuuza dume lenye pembe zile alimjibu kijana mmoja wao, "Mura, pembe hazizai."

Ulicheka sana uliponisimulia. Ulijivunia akili ya baba yako. Na mimi nilifikiri nimeolewa kwenye ukoo wa watu wanaojua mambo haya kuliko hata sisi wa hospitali, maana mfugaji wa Kikurya hawezi kudanganywa na pembe. Kumbe akili yote ile mnaiacha bomani, mkiingia ndani ya nyumba mnaivua pamoja na viatu. Ng'ombe wawili wasiposhika, mnalitazama dume. Wanawake wawili wasiposhika, mnatafuta mwanamke wa tatu. Nyani haoni kundule, lakini wewe umezidi, wewe umeonyeshwa na bado umefumba macho.

Nirudi Jumamosi. Ghati nilimtandikia gunia uani, nikamwambia lete ndoo. Aliogopa. Alidhani nitalifanyia dawa. Nikamwambia hakuna dawa, tunapindua. Tukaipindua, nikaigonga chini kwa kiganja, bonge lote likatoka na umbo la ndoo, na harufu ikatupiga sote wawili. Maji meusi yalikuwa yametuama chini kabisa. Mizizi iliyotakiwa kuwa myeupe na migumu ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Juu, samadi mbichi, tabaka la vidole vitatu.

"Nani anamwagilia?" nikamwuliza.

"Mimi asubuhi. Mama jioni. Na mume wangu akirudi, akinywa maji yakibaki kwenye glasi anamwagia."

"Tundu je?"

"Tundu la nini, dada?"

Niliketi chini pale kwenye gunia nikacheka mpaka akaniogopa zaidi. Miaka yote hii, mwanamke mmoja ameondoka, mwingine ameletwa, ng'ombe wametembea kutoka boma hadi boma, shangazi amehutubia mara mbili, na hakuna mtu aliyetoboa tundu!

Tulikata mizizi iliyooza. Kisu nilikichoma moto kwanza. Tukabakiza michache iliyo hai, tukatafuta udongo wa msituni uliochanganyika na mchanga, nikamtafutia kopo, akalitoboa yeye mwenyewe kwa msumari na jiwe. Alitoboa kwa nguvu, matundu mengi kuliko yanayohitajika. Akaniuliza kama litapona. Nikamwambia sijui, huwa hayaponi yote, yale majani ya njano hayatarudi kuwa kijani hata tufanyeje, tunangoja jani jipya. Akafuta mikono kwenye kitenge, halafu akaniuliza lile swali ambalo mimi sikuwahi kuwa na mtu wa kumwuliza.

"Sasa dada, mimi kosa langu ni nini?"

Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Ameacha ushonaji aliokuwa anajifunza. Amekunywa mizizi iliyochemshwa ya kila rangi, anaumwa tumbo, ameanza kuamini kwamba ndani yake kuna kitu kibovu. Anaamka kabla ya mtu yeyote kwenda kuangalia majani kwenye ndoo. Hebu fikiria hilo, kama bado unaweza kufikiria. Mkeo anaamka anakwenda kusomewa hukumu na ua.

Nilikasirika mpaka nikainuka nikazunguka nyumba. Sikuwa na hasira na shangazi yako, yule anasema anachokijua. Sikuwa na hasira na mama yako, ambaye kila anachogusa anakigusa kwa upendo, hata akikiua. Nilikukasirikia wewe, maana wewe ndiye pekee katika nyumba ile uliyeambiwa ukweli. Uliambiwa kopo halina tundu. Uliambiwa na wewe ukapime. Uliyachukua yote mawili ukayakalia, na ukawaacha wanawake wanne wahangaike na samadi, maji na mizizi ya porini, ili wewe usione haya mbele ya kijana wa maabara. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilipanua miguu mbele ya madaktari wanaume wawili ninaofanya nao kazi, kwa ajili ya nyumba yetu. Wewe kikopo tu kimekushinda.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda ni kitu kidogo. Naongea sasa kama nesi, hasira naiweka pembeni kidogo. Mwanaume anaweza kuwa aliugua matubwitubwi akiwa kijana, na wewe uliniambia uliugua. Anaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani, hiyo hutengenezwa. Anaweza kuwa na maambukizi ya zamani yanayotaka vidonge tu. Inawezekana kwa vidonge vile mimi na wewe tungekuwa na mtoto anayekwenda shule sasa hivi. Na inawezekana pia hakuna cha kufanya, na hata hivyo ungebaki mwanaume, ungebaki mtu aliyenifutia vumbi kwenye majani, na mimi ningekaa na wewe bila mtoto mpaka tuzeeke. Ningekaa. Hukuniuliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakusema ni mwanamke tu.

Ghati hajaja hospitali kwangu, amekuja nyumbani kwangu, kwa hiyo sina siri ya mgonjwa ninayoivunja, na kila nilichoandika juu yake nimemsomea, akaniambia niandike. Analala chumba cha nyuma. Mume wangu, yule mwalimu wa Kagera ambaye mlimcheka kwamba ameokota kilichotupwa, amemfungia kitanda na kumtafutia mama mmoja sokoni mwenye cherehani ya akiba. Anaanza kesho.

Baba yako mdogo amenipigia simu. Ameongea kwa heshima, nami nimemjibu kwa heshima. Amesema, "Mura wetu, kijana wetu, anakuja Jumapili na wazee kumchukua mke wake." Nimesema karibuni. Nitapika, wali na ugali wa muhogo vyote vitakuwepo, wazee hawatalala njaa kwangu, na viti vimeshaazimwa. Sitafunga geti. Sitapiga kelele. Ghati akitaka kuondoka na wewe ataondoka, mimi si mlinzi wake.

Lakini wewe kabla ya kupanda gari la Mugumu, pita hospitali. Ni asubuhi moja tu. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka niambie mimi. Nenda, kisha njoo na majibu, yoyote yale, uyaseme mwenyewe kwa mdomo wako mbele ya wazee wako, ili mtoto wa watu aache kunywa mizizi.

Sikutaka kuyaandika haya yafuatayo. Sikutaka mwili wangu uwe ushahidi wa kesi yako. Hata nisingepata kamwe, bado ungekuwa na wajibu wa kwenda. Lakini umeninyima njia nyingine, na ni afadhali uyajue hapa kuliko ukutane nayo getini. Wazee wakifika nitainuka kwenye kiti kuwaamkia, shikamoo mmoja baada ya mwingine, kama mlivyonifundisha. Siinuki upesi siku hizi. Nina mimba ya miezi saba. Wataniona, watamwona Ghati amesimama nyuma yangu, na hakuna hata mmoja kati yao atakayetuuliza sisi swali. Watageuka wote, taratibu, wakutazame wewe.

Aliyekuwa mkeo,
Mugumu